Bunduki ya gumegume inapogoma kulia: fuata njia ya moto

Tak. Jiwe liligonga chuma, kisha kimya. Kulungu jike alikuwa hatua arobaini mbele yangu, ameinua kichwa, mvuke ukimtoka puani kwa baridi ya Desemba, na bunduki haikulia. Nikavuta nyundo tena, nikafyatua tena. Tak. Safari hii aliruka gogo moja na kupotea kati ya miti.

Jioni nilikaa mezani na taa ya karibu nikaikagua bunduki. Kwenye bamba la chuma, pale jiwe linapokwangua, palikuwa na alama ya dole gumba, imeng'aa kwa mafuta. Asubuhi nilipaka vitambaa vya risasi mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na nta, kisha nikafunga bamba kwa kidole kilekile. Alama ile tu ndiyo iliyozima cheche.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu tunaozungumza Kiswahili na tunaoishi huku Pennsylvania, ambako jimbo limekuwa na msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za gumegume tangu 1974. Msimu mkuu wa gumegume huanza siku moja baada ya Krismasi, na bunduki ya fataki, ile inayowashwa kwa kifuniko kidogo cha mlipuko badala ya jiwe, hairuhusiwi humo. Wilaya ya Lancaster, ambako ndugu zetu wengi wamehamia, ndiko mafundi wa asili ya Kijerumani walikofua bunduki ndefu zenye michirizi ndani ya mtutu katika karne ya 18. Kila mwaka wanaoanza hunipigia simu na swali moja: "Kaka, mbona haishiki?"

Kwa bahati nzuri hatuhitaji kuazima maneno ya kuijibu. Gumegume, baruti, mtutu, mdeki, kushindilia: yote ni yetu, yamekaa katika lugha tangu enzi za misafara. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na michirizi na baruti ya kawaida ya biashara. Ndiyo maana gobore liliendelea kuning'inia ukutani kwa wazee wetu. Babu yangu kule Urambo alikuwa na la fataki, lenye kibali, na neno "mdeki," ile fimbo ya kushindilia baruti na risasi, nililisikia kwake kabla sijajua kusoma.

Nina neno kwa msomaji wa nyumbani pia. Haya yanahusu bunduki halali, iliyotengenezwa na fundi anayejulikana, mikononi mwa mtu mwenye leseni. Gobore la kuunga kwa bomba la maji halina utatuzi. Bomba hilo halikutengenezwa kubeba mlipuko na hupasukia usoni mwa anayelenga. Usilishindilie, usilijaribu, lisalimishe.

Kwanza ujue moto unapita wapi

Moto wa bunduki hii hutembea, na unaweza kuufuata kwa macho. Jiwe lililobanwa kwenye taya za nyundo linakwangua bamba la chuma. Cheche zinaangukia kisahani chenye baruti laini. Mwako wa kisahani unapenya tundu dogo ubavuni mwa mtutu, unaifikia baruti ya ndani, na baruti inaisukuma risasi. Bunduki ikigoma, uliza moto umekomea wapi. Ukishajua kituo ulipokwama, vituo vya nyuma yake viache, kwa sababu vimefanya kazi. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha jiwe, baruti na kitambaa kwa pamoja anaweza kufanikiwa asijue ni kipi kilichomsaidia, na mwezi ujao atakuwa palepale.

Jiwe linagonga, cheche hazitoki au ni hafifu

Hapa nitakaa kidogo, maana kwa uzoefu wangu ndipo penye malalamiko mengi.

Watu hudhani cheche hutoka kwenye jiwe. Hapana. Cheche ni chembe za chuma. Gumegume ni gumu kuliko bamba, kwa hiyo makali yake yanachuna vijisehemu vidogo vya chuma, na vijisehemu hivyo vinashika moto hewani. Ukilielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu sasa unajua unatafuta nini: jiwe lenye makali, linalokutana na chuma kigumu, kikavu, kwa mwelekeo sahihi.

Hakikisha bunduki haina kitu. Teremsha mdeki mpaka chini ulinganishe na alama ya mtutu mtupu, na kisahani kiwe kitupu pia. Kaa mahali penye kivuli kizito kisha fyatua. Cheche nzuri ni nyeupe au za njano kali, nyingi, na zinaruka ndani ya kisahani zikitoa sauti ndogo ya kuchacha. Cheche nyekundu zinazozimika kabla ya kufika hazitawasha kitu.

Anza na mafuta, kwa kuwa ndilo kosa rahisi kuliko yote. Futa bamba, jiwe na kisahani kwa kitambaa chenye spiriti, kisha kwa kitambaa kikavu. Usiseme "nimefuta jana." Mafuta ya kuzuia kutu hutambaa kutoka kwenye skrubu na springi usiku kucha.

Zikiwa bado hafifu, pima makali. Pitisha ukingo wa jiwe taratibu juu ya ukucha wa dole gumba. Likikwangua na kuacha unga mweupe, ni kali. Likiteleza, limechoka. Jiwe butu hunolewa kwa kugongwa: shika kipande kidogo cha shaba nyeupe, gonga ukingo kidogokidogo kuelekea chini, na vibanzi vyembamba vitabanduka na kuacha makali mapya. Vaa miwani. Kibanzi cha gumegume ni kikali kuliko wembe, na jicho halina akiba. Kazi hii hufanywa bunduki ikiwa tupu, kwa kuwa kila kugonga kunaweza kuzaa cheche.

Makali yakiwa mazuri, tazama jiwe linavyokutana na bamba. Vuta nyundo nusu, funga bamba, chungulia kutoka juu. Ukingo wote wa jiwe uwe sambamba na uso wa bamba, na nafasi kati yao iwe ndogo, milimita 2 au 3. Likiwa limekaa upande, kona moja tu ndiyo inayofanya kazi, na utaiona kwenye bamba kama mchirizi mmoja mrefu wakati sehemu nyingine inang'aa haijaguswa. Jiwe linapaswa kuanza kugusa kwenye theluthi ya juu ya bamba, kisha likwangue kushuka. Likipiga chini mno halina nafasi ya kukwangua. Linagonga na kuvunjika. Dawa yake ni rahisi ajabu: lifungue, ligeuze upande wa mteremko uliokuwa juu uwe chini, lifunge tena. Bunduki nyingine hupenda mteremko juu, nyingine chini, na hakuna kanuni ila kujaribu. Yangu ilikataa juu kwa miezi miwili kabla sijaigeuza.

Jiwe hufungwa kwa kipande cha ngozi laini. Chuma kikiuma jiwe moja kwa moja, litapasuka au litachomoka. Kata mkato mdogo katikati ya ngozi, kwa nyuma, ili jiwe liegemee skrubu na lisirudi nyuma likipigwa. Ngozi mpya husinyaa, kwa hiyo kaza tena baada ya kufyatua mara tatu au nne. Majeshi ya zamani yalitumia kipande chembamba cha madini ya risasi badala ya ngozi, lakini madini hayo ni mazito, na kwa bunduki ndogo ya kuwindia mimi nashikilia ngozi.

Jiwe lenyewe lina asili. Yale meusi ya Uingereza hutoka Brandon, Suffolk, mji uliochonga mawe ya jeshi la Waingereza wakati wa vita na Napoleon, na baadaye ukaendelea kuyauza Afrika hadi karne ya 20. Ya Ufaransa yana rangi ya asali. Yote mawili ni mazuri. Mawe yaliyokatwa kwa msumeno yanapendeza machoni na hutoa cheche mwanzoni, ila yanachoka upesi na hayanoleki vizuri kwa kugonga. Nimeyaacha.

Ukiwa umefanya yote haya na cheche bado nyekundu, tatizo ni bamba. Jaribu tupa kwenye ukingo wake, pasipoonekana. Ikiteleza kama juu ya kioo, bamba ni gumu vya kutosha. Ikiuma, bamba ni laini, na utaona jiwe limelichimba mifereji. Mpelekee fundi wa bunduki anayejua kukaza chuma kwa moto. Usilitie kwenye jiko la nyumbani, kwa kuwa joto la kubahatisha hulilainisha zaidi au hulifanya livunjike. Vilevile bamba lisilofunguka hadi mwisho, au linalorudi kujifunga baada ya kupigwa, lina kasoro ya springi, na springi ni kazi ya fundi.

Cheche zinaanguka, kisahani hakishiki

Hapo mshtakiwa ni unyevu. Baruti nyeusi iliyoungua huacha masizi mengi. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kama chembe ngumu badala ya gesi, na masizi hayo hunyonya maji ya hewani. Kisahani ambacho hakikufutwa baada ya risasi iliyotangulia hugeuza baruti mpya kuwa uji mweusi ndani ya dakika chache siku ya ukungu. Futa kisahani kwa kidole kilichovishwa kitambaa kila baada ya risasi, bila kuruka hata moja. Katika theluji mimi humwaga baruti ya kisahani na kutia nyingine kila nusu saa, nikiwa nimeelekeza mtutu mahali salama.

Wawindaji wa zamani walifunika mtambo wote wa kufyatulia (nyundo, bamba na kisahani) kwa kipande cha ngozi iliyopakwa mafuta, wakakiita goti la ng'ombe, kwa kuwa kilikatwa kwenye ngozi ya goti, ambayo tayari ina umbo la kupinda. Changu nilikishona mwenyewe kwa uzi wa kitani na nta, na nakisifu. Nta ya nyuki ukiipaka kuzunguka ukingo wa kisahani, huziba mwanya kati yake na bamba. Paka kwa nje tu. Ikiingia ndani umejiletea tatizo jipya.

Kosa ambalo wengi hawalifikirii: kuiingiza bunduki yenye baridi ndani ya nyumba yenye joto. Chuma hutoka jasho papo hapo, ndani na nje, kama chupa iliyotoka kwenye friji.

Tazama pia ukubwa wa chembe. Baruti huuzwa kwa herufi F: kadiri zinavyozidi ndivyo chembe zinavyokuwa laini. F nne ni ya kisahani. F tatu hufaa mitutu midogo, na F mbili mitutu mikubwa. F mbili kwenye kisahani itashika siku kavu na kukuaibisha siku ya unyevu.

Kisahani kinawaka, bunduki hailii

Usishushe bunduki. Usigeuke kumwambia mwenzako. Usichungulie mtutu. Huenda moto bado unatambaa ndani. Ibaki begani, mtutu ukielekea mahali salama, hesabu hadi sitini polepole, kisha ndipo uanze kazi. Nimewahi kuona bunduki ikilia wakati mwenyewe ameshafungua mdomo kulalamika. Kilichotuokoa ni kwamba mtutu ulikuwa bado umeelekea kwenye tuta.

Baada ya dakika hiyo, chukua sindano ya kuzibulia, ipitishe kwenye tundu mpaka uhisi imegusa baruti, ikichubuka kama sukari. Tia baruti mpya kisahanini, lenga, jaribu tena. Ukihisi sindano imeingia kwenye kitu laini na chenye maji, baruti imelowa, na chanzo karibu kila mara ni mafuta ya kuhifadhia au maji ya kuoshea yaliyobaki chini kabisa ya mtutu. Kwa hiyo kabla ya kushindilia kwa mara ya kwanza asubuhi, pitisha vitambaa viwili vikavu hadi chini, kisha washa kisahani peke yake, mtutu ukiwa mtupu. Wengine huziba tundu kwa unyoya wa ndege wakati wa kushindilia na kuuchomoa mwishoni, ili njia ibaki wazi. Ni hila ya zamani na inafanya kazi.

Na ukihisi sindano imeingia kwenye uwazi, basi umesahau kutia baruti. Hutokea kwa kila mtu anayepiga soga huku akishindilia. Kwanza isukume risasi kwa mdeki hadi ikae chini kabisa, kwa sababu risasi iliyo mbali na baruti inaweza kuupasua mtutu. Chomoa mdeki. Penyeza chembe za F nne kupitia tundu kwa subira, kidogokidogo, jaza kisahani, elekeza kwenye tuta na fyatua. Ikikataa, tumia skrubu ya kung'olea risasi inayofungwa kwenye ncha ya mdeki, kisahani kikiwa kitupu na bamba likiwa wazi.

Inalia, ila inachelewa

Ukisikia "fuuu" halafu "dumu," tundu limejaa baruti. Badala ya mwako kuruka ndani, baruti ya tunduni inaungua chembe baada ya chembe kama utambi. Jaza kisahani nusu tu na usiigandamize. Zibua tundu kabla ya kutia baruti ya kisahani. Tundu zuri lina kipenyo cha milimita 1.6 hivi. Jembamba kuliko hapo huchelewesha, na lililopanuka kwa miaka mingi ya moto hutapika nguvu ubavuni. Bunduki nyingi zina kizibo cha skrubu chenye tundu, na fundi hukibadilisha kwa dakika chache.

Risasi imekwama njiani

Masizi yamezidi. Acha kulazimisha. Usigonge mdeki kwa jiwe wala usiuegemee kwa kifua. Mdeki wa mti ushike karibu na mdomo wa mtutu, ukiusukuma kwa urefu wa shubiri moja moja; ukishikwa juu huinama, hupasuka kwa kufuata nyuzi za mti, na ncha yake hupenya kiganja. Lowesha mtutu kidogo kutoka juu, subiri masizi yalainike, endelea kusukuma. Ikiwa haishuki, ing'oe.

Chora alama mbili kwenye mdeki: moja ya mtutu mtupu, nyingine ya mtutu ulioshindiliwa kwa kipimo chako cha kawaida. Alama ya pili isipofika mdomoni, hakuna kufyatua. Na baruti ni nyeusi tu, au mbadala wake uliotajwa na mtengenezaji, kwa kipimo alichotoa, ikipimwa kwenye kikombe chake. Baruti isiyo na moshi huvunja bunduki hizi na kuua. Usimwage kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti moja kwa moja mtutuni pia; cheche moja iliyobaki chini inaigeuza pembe yote kuwa bomu mkononi.

Inalia vizuri, haipigi unapolenga

Kabla ya kulaumu mtutu, tembea hatua kumi mbele ukaokote vitambaa. Kitambaa kilichoizunguka risasi hueleza kila kitu. Kikiwa kizima, chenye alama ya duara katikati na kingo zilizochanika kidogo, mambo ni sawa. Kilichoungua katikati kinasema mafuta ni machache au kitambaa ni chembamba. Kilichokatika kwa mistari kinasema michirizi ya mtutu mpya bado ina makali, na hupoa baada ya kupiga risasi nyingi na kusuguliwa. Kwa mtutu wa kalibra 50 wengi huanza na risasi ya inchi 0.490 na kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa kubana, unene wa inchi 0.015 hadi 0.018, kisha hupanda au kushuka.

Vitambaa vikiwa vizuri na risasi bado zinatawanyika, mwenye kosa ni sisi. Moto unawaka sentimita chache kutoka jichoni, na mwili unajikunyata kabla risasi haijatoka. Fungua jiwe, bana kipande cha mti mahali pake, na bunduki ikiwa tupu fyatua mara ishirini kila jioni huku ukitazama kilengeo cha mbele, kile kincha cha kulengea kilicho mwishoni mwa mtutu. Kikitikisika, endelea. Mwezi mmoja unatosha kuubadilisha mkono.

Kutu asubuhi iliyofuata

Masizi ya baruti yana chumvi, na chumvi haingoji. Osha siku hiyohiyo. Toa mtambo, ziba tundu kwa njiti, jaza maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, mwaga, rudia mpaka yatoke meupe. Kausha kwa vitambaa hadi cha mwisho kitoke kikavu, kisha paka mafuta mepesi. Kesho yake pitisha kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi ya chai, kuna unyevu uliobaki kwenye kona ya chini. Osha tena, na safari hii iache bunduki isimame mdomo chini juu ya gazeti usiku kucha, ili chochote kilichobaki kishuke badala ya kukaa kwenye tundu la moto.